Rozari ya Kuhesabia Chembe Nyeupe

Nusu ya wagonjwa wa hospitali yetu hapa Goma waliamini kwamba Chef wa labo, yaani mkuu wa maabara, alikuwa akiwaombea. Walimwona kupitia dirisha, ameinamia mikroskopu, jicho moja amelifumba, midomo ikicheza, mkono wa kushoto ukisukuma rozari punje moja moja. Akina mama waliotoka Rutshuru na homa zao walifanya ishara ya msalaba palepale kwenye benchi. Mmoja alikataa katakata kwenda labo nyingine ya huko mtaa wa Himbi yenye mashine mpya, akisema mashine ile haina imani.

Ukweli ni kwamba Chef alikuwa anahesabu. Kile kifaa kidogo cha kubonyeza kwa kidole, ambacho labo zote zinacho kwa ajili ya kuhesabia chembe nyeupe za damu, kilikufa kabla mimi sijaajiriwa, na barua ya kuomba kingine bado iko mezani kwa mtu fulani. Kipimo chenyewe kinataka uhesabu chembe mia moja, si tisini na nane, na uandike kila moja ni ya aina gani. Chef aliwaza siku mbili. Siku ya tatu alikuja na rozari ya mke wake, aliyoichukua bila kumwomba. Makumi matano ya Salamu Maria ni hamsini. Ukizunguka mara mbili unapata mia. Punje kubwa za Baba Yetu hazihesabiwi. "Pale unapumuzisha jicho," alitufundisha.

Na aina za chembe je? Hapo ndipo maharage yalipoingia labo. Juu ya meza kulikuwa na makopo manne ya maziwa, kila moja na punje thelathini kamili. Maharage meupe yalikuwa ya limfosite. Mekundu ya zile chembe zinazokunywa rangi nyekundu. Ya njano yalikuwa ya monosite, chembe nene zenye tumbo. Chembe za kawaida, ambazo ni nyingi kuliko zote, hazikupewa kitu. Chef alisema wenye nyumba hawahitaji kutambulishwa. Kila alipoona mgeni kwenye kioo alidondosha punje yake kwenye sahani ya bati, na mwisho wa rozari ya pili tulisoma sahani.

Kopo la nne lilikuwa na maharage meusi, na lilikaa na kifuniko. Hayo yalikuwa ya chembe changa, zile ambazo zinapaswa kubaki ndani ya mfupa mpaka zikomae. Ukizikuta zinatembea kwenye damu, kuna jambo baya nyumbani kwao. Tulipousikia mlio wa kifuniko kile, sote tuliacha tulichokuwa tunafanya.

Siku moja Padre wa parokia alikuja kupimwa malaria. Akamkuta Chef kwenye mikroskopu na rozari yake, akaguswa sana. Akasogea taratibu, akauliza kwa sauti ya chini:

"Chef, leo uko nasali fumbo gani?"

Chef hakuinua jicho. "Makumi sita na mbili, Padre. Usinipoteze."

Padre alitoka nje kungojea majibu yake. Na kule kwenye shirika la mtaa, jumuiya ndogo ya kanisa, majirani waliposali rozari, mambo yalikuwa kinyume: Chef alifika mwisho wa duara la kwanza akatangaza mbele ya kila mtu, "Hamsini. Kungali hamsini." Mke wake alikuwa anamfinya.

Alizaliwa wapi na nani, sitasema, maana kila alipoulizwa alijibu tofauti. Inatosha kujua kwamba yeye ni Mnande wa Butembo na mimi ni mtu wa upande wa Bukavu, na hilo lilitupa kazi ya kugombana miaka kumi na miwili. Yeye alisema mtu wa Bukavu hawezi kutunza siri hata ukimshonea mdomo. Mimi nilisema mtu wa Butembo anapasua kijiti cha kiberiti ili kiwashe mara mbili. Hakubisha. Alikuwa anakata karatasi ya kuchujia vipande vinne, anapima rangi ya kupaka kwenye vioo tone kwa tone, na stagiaire, yaani mwanafunzi wa mazoezi ya kazi, aliyemwaga tone alisimuliwa habari za tone hilo mpaka mwisho wa stage yake. Jina langu hakulitumia. Aliniita Mwana Bukavu, hata mbele ya wakaguzi.

Ugonjwa wake aliugundua mwenyewe, na kwa namna ambayo ni yeye tu angeweza. Alikuwa anawaonyesha stagiaires jinsi ya kupaka damu kwenye kioo. Akaomba mtu wa kujitolea kidole. Wote watano wakatazama sakafu. Sasa Chef, aliyechoma vidole vya nusu ya Goma, alikuwa anaogopa sindano kuliko mtoto wa chanjo. Alijichoma huku ameangalia ukuta, akiimba wimbo wa Komunyo. Akapaka, akatia rangi, kioo kikangojea pamoja na vioo vya wagonjwa. Baadaye alikiweka kwenye mikroskopu, akaanza rozari. Tukasikia kifuniko. Mara moja, mara ya pili, kisha akaliacha kopo wazi kabisa.

"Huyu mutu iko mugonjwa sana," alisema. "Mumuite, banamungojea nini? Iko ku benchi ao alirudi kwake?"

Nilisoma namba iliyoandikwa kwenye kioo. Nikaisoma tena, maana nilitaka iwe nyingine.

"Chef, huyo ni weye."

Aliinua jicho kutoka kwenye mikroskopu. Kisha akavua miwani, akaifuta kwa koti. "Basi," akasema, "nimekwisha kufika."

Ilikuwa kansa ya damu, ile inayokwenda polepole. Daktari wa hospitali kubwa alimwandikisha kwenye mpango wa dawa za msaada: kidonge kimoja kwa siku, kila siku, maisha yote. Kidonge chenyewe kilikuwa cha rangi ya njano iliyoiva, na ndicho kilichobaki kati ya Chef na kaburi. Hakukuwa na kingine. Alikimeza saa sita kamili baada ya kula, amesimama katikati ya labo, glasi ya maji mkononi.

"Bashahidi?" aliuliza, maana sisi ndio tuliokuwa mashahidi wake.

"Tumeona!" tulijibu wote, hata wagonjwa wa benchi waliokuwa hawajui wameona nini.

Ndani ya miezi michache maharage meusi yalirudi kwenye kopo lao, na kifuniko kikafungwa. Tangu hapo Chef aliishi vizuri tu, na aligeuka mhubiri. Aliyekuja kupimwa kinyesi aliondoka anajua kansa ya damu inavyofanya kazi.

Mahubiri yalianza na kiti. Ukisimama kidogo kwenda kuchukua karatasi, ukirudi unamkuta Chef amekaa kwenye kiti chako, mikono ameikunja.

"Miye ni kashe," anakwambia, yaani yeye ndiye kidonge. "Sasa utatumika kazi namna gani?"

Maana yake ni hii: ndani ya chembe za ugonjwa huo kuna mashine moja iliyoharibika, kazi yake kuamrisha chembe izaane bila kupumzika. Mashine hiyo inapata nguvu kutoka kwa kitu kinachokuja kukaa kwenye nafasi yake maalumu. Kidonge kinawahi nafasi hiyo, kinakaa, na mashine inazima. Ukishaelewa hapo, Chef anainuka, anakwenda pembeni, anarudi na jiwe la volkano la ukubwa wa ngumi. Tulikuwa nalo labo kwa kazi hiyo moja. Analiweka katikati ya kiti.

"Chembe ikiwa inajikopi, inakosea herufi moja. Moja tu. Kiti kinaota hii kinundu. Ikala, tuone."

Hakuna aliyekubali kukaa. Hivyo ndivyo ugonjwa unavyoishinda dawa, alisema, na kuna herufi moja mbaya kuliko zote, inayosimama palepale mlangoni mwa nafasi hiyo kama sentinele wa Himbi, mlinzi wa geti: ikibadilika hiyo, karibu vidonge vyote tunavyoweza kupata huku kwetu vinagonga na kurudi. Njia nyingine ni chembe kujifunza kuitapika dawa kabla haijafanya kazi. Nyingine ni kujipatia viti vingi kuliko vidonge.

Na kuna njia ya mwisho, ambayo alipenda kuieleza akiwepo Mama Viazi. Huyu alikuwa mama wa Kibati aliyekuwa akinunua viazi kutoka Rutshuru na kuviuza mjini, mwanamke wa sauti kubwa na kicheko kikubwa zaidi. Chef aliugundua ugonjwa wake pia, ni uleule, na wote wawili walikuwa wanameza kidonge kilekile.

"Mama, barabara ya Rutshuru ikifungwa, Goma tunakosa viazi?"

"Hapana, Chef. Vinapita kwengine."

"Juu ya nini unahangaika kuvipitisha kwengine?"

"Juu mimi ni mufanyabiashara!"

"Njo vile kanseri. Ukiifungia barabara moja, inatafuta ingine."

Mama Viazi alishika kiuno. "Sasa uko nanitukana ao uko nanisifu?"

Lakini kuna jambo moja ambalo Chef hakulifanyia mzaha. Mgonjwa akikiri kwamba ameruka siku mbili tatu, Chef alikuwa anabadilika sura. "Dozi nusu ni masomo!" alifoka, mpaka vioo vikatetemeka. "Ukimeza leo, kesho ukaacha, uko nailipia kanseri minerval!" Na minerval, kwa asiye wa kwetu, ni ada ya shule. Alieleza kwamba dawa kidogo inaua chembe dhaifu tu, na zile chache zilizozaliwa na kinundu kwenye kiti zinabaki peke yao na uwanja mzima. Nilimsikia akimwambia hayo Mama Viazi mara ishirini. Mimi mwenyewe niliyaota.

Ndiyo sababu nilipata tabu sana kuamini yaliyofuata.

Ulikuja mwaka ambao uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa, benki zikafunga, na kila kitu kilichozoea kuja kwa ndege kikawa hadithi. Dawa zetu za labo ziliisha. Tulipima tulichoweza. Chef aliendelea na saa sita yake na bashahidi wake, na nilikuwa nashukuru kwamba yeye angalau alikuwa amepokea maboksi yake kabla mambo hayajaharibika.

Asubuhi moja nilikuwa na kioo cha mtoto mwenye homa ya muda mrefu, na monosite zilikuwa tele. Nikaweka mkono kwenye kopo la njano. Punje saba. Nikageuza kopo, nikalipiga. Saba.

Lazima niseme kwamba kila Jumamosi Chef alihesabu maharage ya labo kama askofu anavyohesabu mapadre wake. Thelathini kila kopo. Nilimwendea nikiwa na hofu.

"Chef, maharagi ya njano iko saba."

"Panya," alijibu, bila kugeuka.

Mtu aliyemsema stagiaire miezi mitatu kwa ajili ya tone moja la rangi! Maharage ishirini na matatu yamepotea, naye anasema panya, na sauti imetulia kabisa. Hapo nikajua kuna jambo. Na panya gani huyo anayekula ya njano tu, akaacha meupe?

Saa sita ilipofika nilisimama karibu kuliko kawaida. Akala, akainuka, akachukua glasi. "Bashahidi?" Alipoinua mkono kwenda mdomoni nilimkamata kifundo cha mkono. Mimi, mtu wa chini yake, mbele ya benchi zima. Nikamfungua vidole kimoja kimoja. Kwenye kiganja kulikuwa na harage la njano, kavu, limeng'aa kwa jasho.

"Chef," nikasema, "ulikuwa unataka kumeza monosite."

Benchi lilicheka. Chef hakucheka. Alinivuta mpaka chumba cha kuoshea vioo, akafunga mlango.

Boksi la Mama Viazi halikufika, ndivyo alivyoniambia. Alikuja kupimwa, Chef akasoma kioo chake, na maharage meusi yalijaa sahani mpaka akaazima mengine kutoka jikoni. Yeye Chef alikuwa na vidonge vya miezi miwili. Akamwambia Mama Viazi kwamba boksi lake limefika kwa njia ya barabara, ila ni dogo, ameze siku moja na kuruka siku moja mpaka lingine lije. Chef mwenyewe akafanya hivyo hivyo. Siku yake alimeza kidonge. Siku ya Mama Viazi alimeza harage, ili sisi tusiulize.

"Weye!" Nilikuwa nalia na kupiga kelele kwa pamoja. "Weye mwenyewe unasemaka dozi nusu ni masomo!"

"Najua."

"Uko nailipia minerval!"

"Mwana Bukavu, najua. Si miye njo mwalimu?" Alikaa juu ya ndoo. "Nilifanya hesabu. Kama miye nameza byote, niko sawa, yeye anakufa. Kama nagawa, pengine tunaharibika bote wawili, lakini pengine hapana. Ile haiko siyansi. Ni kijiti ya kiberiti. Tunaipasua."

Nasema wazi: siku hiyo nilimchukia, na nilimpenda kuliko ninavyoweza kueleza. Nikamnyang'anya harage.

Kisha nikamchoma kidole, maana alikuwa hakubali mtu mwingine yeyote, naye akaangalia ukuta na kuimba wimbo wake wa Komunyo tangu mwanzo hadi mwisho, ingawa kumchoma mtu kidole ni kazi ya kufumba na kufumbua. Nikaweka kioo, nikachukua rozari. Nilipomaliza duara la pili kulikuwa na maharage meusi tisa kwenye sahani.

Sasa kulikuwa na mambo mawili tu. Ama ugonjwa uliamka kwa sababu ya kukosa dawa, na akirudia dozi nzima utalala tena. Ama ulikuwa umekwisha kusoma, kiti kimeota kinundu, na kidonge chake kimekuwa harage jingine tu. Na ikiwa kinundu ni cha ile herufi ya mlangoni, basi hakukuwa na dawa tuliyojua namna ya kuipata. Kipimo cha kusoma herufi hizo hakipo Goma. Damu ilipaswa kwenda Kigali.

Ilimbidi kumwambia mke wake. Sisi tunamwita Mama Labo, ingawa hajawahi kufanya kazi labo. Alisikiliza yote akiwa amekaa kwenye kiti cha wagonjwa, mkoba magotini. Nilitegemea machozi.

"Miezi miwili," alisema hatimaye. "Miezi miwili unakula maharagi mabichi huku ku kazi. Na yangu, yenye kupikwa, yenye mafuta, ulikuwa unasema chumvi iko kidogo!"

"Mama, sikuwa nayasikia utamu. Nilikuwa nameza tu."

"Nyamaza. Na rozari yangu inafanya nini hapa? Miaka yote hii ulikuwa unaniambia iliibiwa ku misa."

Machozi yalikuja baadaye, nje, nyuma ya tangi la maji. Kesho yake alivuka mpaka na damu ya mume wake ndani ya termosi ya uji, kati ya barafu, amevaa kitenge chake cha Pasaka. Alipoulizwa amebeba nini, alijibu kwamba amebeba bwana yake, na kwa jinsi alivyolisema, walimwacha apite.

Wakati wa kungojea, dawa zilipatikana, na sifa zote ni za Mama Viazi. Aliposikia kwamba Chef hana vidonge (hilo tu nilimwambia, naapa), alitaka kujua maboksi yamekwama wapi. Daktari akasema Kampala. Mama Viazi akacheka. Alikuwa na kaka yake anayekwenda Kampala kununua vitambaa kila mwezi. Akachukua karatasi za daktari, akazikunja, akaziweka kifuani. Baada ya siku nane maboksi yote mawili yalishuka juu ya meza ya labo, yananuka vitunguu.

"Barabara ikifungwa tunapita kwengine," alimwambia Chef. "Nilisoma kwako."

Wakaanza dozi nzima siku ileile. Mwezi ulipoisha nikasoma vioo vyao asubuhi moja. Cha Mama Viazi kilikuwa safi, kifuniko sikukigusa. Cha Chef kilitoa maharage meusi kumi na moja. Sikutaka kumwonyesha sahani, lakini alikuwa amesimama nyuma yangu, na aliniangalia tangu punje ya kwanza.

Karatasi ya Kigali ilifika siku mbili baadaye. Aliifungua mwenyewe. Alisoma mara moja kwa haraka, mara ya pili kwa kidole, kisha akapiga meza kwa kiganja.

"Nilisema! Nilibaambia! Kiti imegeuka, herufi moja! Mwana Bukavu, leta ile jiwe!"

Alikuwa na furaha kabisa. Miaka yote alikuwa akifundisha jambo ambalo hakuwahi kuliona kwa macho yake, na sasa hili hapa kwenye karatasi yenye muhuri. Mimi sikulileta jiwe.

"Chef, ni ile ya mlango?"

Alirudi kwenye karatasi, akatafuta mstari. Labo nzima ilisimama.

"Hapana," alisema polepole. "Ni ingine. Ni jirani yake." Akavua miwani. "Kuko kashe ya pili inaweza kuikala."

Baada ya hapo furaha ilimtoka yote, akaonekana mzee. Akaniita karibu. "Mama Viazi asijue," alisema. "Akijua kama kiti yangu iligeuka juu yake, hatameza vizuri tena. Nakuomba. Nafahamu ni kumuomba mutu wa Bukavu, lakini nakuomba."

Niliahidi. Na nilijitahidi, Mungu ananiona.

Chef alistaafu mwaka huo. Kidonge cha pili kilipatikana kwa taabu, kidogo kuliko kile cha kwanza na cheupe, na watu wa labo walimtania kwamba sasa itabidi aibe limfosite. Mimi nilipewa meza yake, makopo yake na jiwe. Rozari ilibaki labo. Mama Labo alikubali kununua nyingine, kwa sharti kwamba bwana wake asiiguse.

Wiki iliyopita alikuja kupimwa. Tangu astaafu anakuja kama mgonjwa wa kawaida na hataki kupitishwa mbele. Anachukua namba, anakaa kwenye benchi, na kabla zamu yake haijafika amekwisha kuwaambia watu wanne kwamba wameshika pamba vibaya. Namba yake ilikuwa kumi na saba. Nilimchoma, akaimba, wenzake wa benchi wakampokea kwenye kiitikio.

Nilikuwa natia rangi kioo chake Mama Viazi alipoingia. Hakuwa na miadi siku hiyo. Alikuja moja kwa moja mpaka kwa Chef, akafungua pindo la kitenge chake, akatoa fundo dogo, akalifungulia kwenye sahani ya bati. Maharage ya njano yalilia kwenye bati.

"Makumi mbili na tatu," alisema. "Unaweza kuhesabu."

Chef aliyatazama. Kisha akageuza kichwa kuniangalia.

"Mwana Bukavu."

"Miye sikusema kitu!" nilijitetea. "Nilisema tu kama maharagi ilipunguka. Na hesabu yake. Na tumbo ilikoingia."

"Chef," Mama Viazi alisema, na ile sauti yake kubwa ilikuwa imekwisha, "ulimeza hii juu yangu. Na miye nilikuwa nakuja hapa nacheka."

"Ulikuwa unacheka vizuri," alisema Chef. "Ilikuwa inanisaidia."

Kioo kilikuwa kimekauka, nikaenda nacho kwenye mikroskopu. Nikachukua rozari. Chef akasimama, akaja karibu, Mama Viazi nyuma yake, na benchi lote likanyoosha shingo. Nilidondosha jeupe, jeupe, jekundu. Kwenye punje kubwa nilipumzisha jicho, kama alivyonifundisha. Jeupe. La njano moja. Nilifika hamsini, nikazunguka tena. Nilisikia pumzi yake juu ya bega langu, ikisimama kila mkono wangu uliposogea. Tisini. Tisini na tano. Mia.

Kopo la meusi lilikuwa palepale, na kifuniko chake.

"Hesabu tena," alisema Chef.

Nikahesabu tena, sehemu nyingine ya kioo, rozari mbili nzima. Mia mbili jumla. Sahani ilikuwa na meupe, mekundu na ya njano, basi. Hajapona, na anajua kuliko mimi kwamba hajapona. Kesho lazima ameze na kesho kutwa pia. Lakini kifuniko sikukigusa. Chef alishika ukingo wa meza akalia, mbele ya wagonjwa ishirini, na hakuna aliyemwomba anyamaze.

Saa sita ikagonga kwenye kanisa la jirani. Akajifuta uso kwa kofia. Akatoa kidonge chake cheupe mfukoni, akaomba maji, akasimama katikati ya labo kama zamani. Akakiweka mdomoni, akanywa.

"Bashahidi?"

Wote walikuwa wanamtazama Mama Viazi.

"Fungua kinywa," alisema Mama Viazi.

Chef akafungua.

"Inua ulimi."

Akainua, mzee mzima, kichwa ameelekeza dirishani ili mwanga uingie. Mama Viazi akachungulia kushoto, akachungulia kulia, hakuwa na haraka.

"Sasa njo tumeona," alisema.

"Tumeona!" likaitikia benchi lote, nami nikaita namba kumi na nane.